Dola Moja Chini ya Sumaku

Wakili Trexler alitandaza karatasi juu ya meza ya jikoni,
kati ya chupa ya haradali na mkate mweusi.
"Saini hapa, Mzee Matulis. Na hapa."
Baba akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.
Mkono uliochimba makaa miaka thelathini na mmoja
ulishika kalamu kama unashika kifaranga.

Ilikuwa Machi, Mahanoy, theluji imekwisha kuwa tope.

Bei: dola moja.
Hati hutaka bei, alisema wakili, hata ya kuandikwa tu.
Baba hakutaka ya kuandikwa tu.
"Lipa," akaniambia.
Nikachomoa noti iliyokunjika sikio,
akaibandika kwenye friji kwa sumaku ya jogoo.

Hivyo ndivyo nilivyonunua nyumba niliyozaliwa:
ngazi kumi na tatu, ya nne inalia,
na alama za penseli kwenye fremu ya mlango,
kimo changu na cha Raymond, mwaka kwa mwaka,
hadi Raymond akaacha kurefuka, akahamia Arizona.

"Miezi sitini," wakili akasema, akifunga mkoba.
"Asiingie makao ya wazee kabla ya miezi sitini.
Serikali hutazama nyuma miaka mitano,
ikikuta mali imegawiwa, haitawalipia."
Baba akacheka. "Basi nitajitahidi,"
kama mtu aliyeonywa asichelewe kanisani.

Sikujua kwamba nyumba ikihama jina
mtu naye huhama kidogo.
Wiki ya pili akaniomba ruhusa ya kupigilia msumari.
"Baba, ukuta ni wako."
"Si wangu," akasema, bila uchungu,
kama asomaye mita ya gesi.
Akaanza kukunja blanketi lake kila asubuhi.
Akaanza kwenda kukohoa nje.

Na mimi nikaanza kuhesabu. Hapa sitajificha.
Nilihesabu miezi kama mja mzito,
ila sikujua nangoja kuzaa nini.
Alipomwita jirani kwa jina la marehemu mumewe,
nikasema ni uzee. Mwezi wa ishirini na nane.
Alipounguza birika, nikanunua la umeme.
Mwezi wa thelathini na tano.
Kwa daktari sikumpeleka,
maana ugonjwa ukishaandikwa huwa na tarehe.
"Kaza moyo, Aldona," Raymond alisema kwenye simu.
Kule kwake kulisikika watu wakiogelea.

Mwezi wa arobaini na saba, saa tisa usiku,
nikamkuta mbele ya friji, koti juu ya pajama.
Akabandua noti, akainyoosha mezani kwa kiganja,
akanikabidhi.
"Kodi," akasema. "Mwambie mama mwenye nyumba
aniwie radhi nimechelewa. Mimi ni mtu mtulivu.
Sina wageni."

Nikaipokea. Ningefanyaje?
Akangoja. Nikaelewa anangoja risiti.
Nikaiandika nyuma ya bahasha ya umeme,
akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kifuani,
akapanda kulala. Ngazi ya nne ikalia.
Asubuhi nikairudisha noti chini ya jogoo.

Tangu hapo analipa. Siku nyingine mara mbili.
Namwogesha, namkata kucha, namfunga vifungo,
naye ananishukuru kwa adabu
ambayo hakuwahi kunionyesha nilipokuwa mwanawe.
Imebaki miezi tisa. Droo ya kijiko na uma
haifungiki kwa risiti:
*Nimepokea dola moja kutoka kwa Alfonsas Matulis, mpangaji.*

Jana sikuandika mpangaji.
Niliandika *mwenye nyumba*, kwa herufi kubwa.
Akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa shati,
akaivaa tena, akasoma hadi mwisho.
"Umekosea hapa," akasema,
akanirudishia kalamu.